Withering: Tabibu aliyeligeuza ua la sumu kuwa dawa ya moyo

KATIKA bustani nyingi za Uingereza humea mmea mmoja mrefu wenye maua ya zambarau, yaliyojipanga upande mmoja wa shina mithili ya kengele. Nyuki huyapenda mno. Mtoto akiingiza kidole ndani ya ua moja, ua humkaa barabara kama subana ya fundi wa cherehani.

Ni mmea wa kupendeza macho, ila umejaa sumu kuanzia mizizi hadi mbegu. Anayetafuna majani yake hutapika, mapigo ya moyo wake huvurugika na, asipopata usaidizi wa haraka, huenda akakata roho.

Waingereza waliuita mmea huo kwa jina lenye maana ya glavu ya mbweha. Mnamo 1542, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Leonhart Fuchs, aliupa jina la Kilatini ambalo wanasayansi wangali wanalitumia, yaani dijitalisi, linalotokana na neno lenye maana ya kidole. Kwa lugha ya kwao Fuchs, ua hilo lilikuwa likifananishwa na subana.

Kwa zaidi ya miaka 200 baada ya Fuchs, mmea huu uliendelea kutajwa katika vitabu vya miti shamba kama tiba ya maradhi chungu nzima: vidonda, kifafa, uvimbe wa tezi. Hakuna aliyejua kwa hakika unatibu nini. Jambo la hatari zaidi ni kuwa hakuna aliyejua ni kiasi gani kinachoponya na ni kiasi gani kinachoua.

Aliyelipatia swali hilo jibu alikuwa daktari wa mikoani, mtu wa maneno machache, mgumu kuzoeana na watu na mwenye kifua kilichomsumbua nusu ya maisha yake.

William Withering alizaliwa Machi 1741 katika mji mdogo wa Wellington, jimbo la Shropshire, magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa muuza dawa na mpasuaji, na mjomba wake alikuwa daktari. Haikuwa ajabu basi kijana huyo kufuata nyayo zao. Mnamo 1762 alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, ambacho enzi hizo kilisifika kote Ulaya kwa masomo ya udaktari. Alihitimu 1766 kwa tasnifu kuhusu maradhi ya koo.

Cha kuchekesha ni kwamba somo lililomchosha kuliko yote huko Edinburgh lilikuwa somo la mimea. Profesa wake, John Hope, alikuwa na desturi ya kumtuza nishani ya dhahabu mwanafunzi aliyefanya vyema katika somo hilo. Withering aliwaandikia wazazi wake akiwaambia kwamba hata dhahabu hiyo haikutosha kumtia hamu.

Mapenzi ndiyo yaliyombadilisha. Alipoanza kazi mjini Stafford mwaka 1767, alikuwa na nafasi tele kwa sababu wagonjwa wa kumlipa walikuwa wachache. Miongoni mwa aliowatibu alikuwemo msichana aliyeitwa Helena Cookes, ambaye alipenda kuchora maua. Daktari alianza kutoka mjini na kuzurura mashambani akimtafutia mimea ya kuchora. Walioana mwaka 1772, na kufikia wakati huo mwanafunzi aliyekuwa akilikimbia somo la mimea alikuwa ameligeuza kuwa shughuli ya maisha yake.

Matokeo yake yalikuwa kitabu kikubwa kuhusu mimea yote ya porini nchini Uingereza, kilichochapishwa mwaka 1776 katika majuzuu mawili. Kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kuieleza mimea hiyo kwa Kiingereza kwa kufuata mfumo wa Linnaeus, msomi wa Uswidi.

Mfumo huo uliainisha mimea kwa viungo vyake vya uzazi, na Withering, akihofia kuwatia haya wasomaji wa kike, aliyakwepa maneno hayo kwa ustadi. Kuna waliomcheka kwa hilo. Sisi tunaofanya kazi ya kuhariri magazeti hatuna haki ya kumcheka. Tumekwepa maneno mepesi zaidi ya hayo.

Mwaka uliotangulia, 1775, maisha yake yalikuwa yamechukua mkondo mpya. Daktari mashuhuri wa Birmingham, William Small, alifariki mwezi Februari na kuacha pengo. Aliyemshauri Withering kulijaza alikuwa Erasmus Darwin, tabibu, mshairi na mvumbuzi aliyeishi Lichfield. Huyu ndiye babu ya Charles Darwin wa nadharia ya mageuko ya viumbe.

Birmingham wakati huo ulikuwa mji unaonuka makaa na kuvuma nyundo. Small alikuwa pia mwanachama wa kikundi cha marafiki waliokutana kila mwezi usiku unaokaribiana na mbalamwezi, ili wapate mwanga wa kurudia nyumbani. Kwa sababu hiyo kikundi kilikuja kuitwa Chama cha Mwezi. Humo walikuwemo James Watt wa injini ya mvuke, mwenye viwanda Matthew Boulton, mfinyanzi Josiah Wedgwood na, baadaye, mwanakemia Joseph Priestley. Withering alikaribishwa barazani mwao.

Ni katika mwaka huo huo wa 1775 alipoulizwa swali ambalo lingeliweka jina lake katika vitabu vya tiba.

Alitakiwa kutoa maoni kuhusu dawa ya kifamilia ya kutibu ugonjwa wa mwili kuvimba kwa kujaa maji, ambao wazee wa pwani waliuita istiska. Ulikuwa ugonjwa wa kutisha. Miguu ya mgonjwa ilifura, tumbo likajaa kama ngoma, maji yakapanda kifuani hadi akashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi. Madaktari walimtoa damu, wakamharisha, wakamtoboa ngozi ili maji yachuruzike, na kwa kawaida waliishia kumzika.

Siri ya dawa hiyo ilikuwa mikononi mwa bibi kizee wa Shropshire, jimbo alikozaliwa Withering. Inaelekea bibi huyo aliwahi kuwaponya watu ambao madaktari walikuwa wamewakatia tamaa. Dawa yenyewe ilikuwa mchanganyiko wa majani 20 au zaidi, nayo ilimtapisha na kumharisha mgonjwa vibaya sana.

Hapa ndipo zile safari za kumtafutia Helena maua zilipolipa. Kwa mtu aliyeijua mimea ya nchi yake jani kwa jani, haikuwa kazi ngumu kung'amua kwamba kati ya majani hayo yote, lenye nguvu hiyo lilikuwa moja tu. Lilikuwa la dijitalisi.

Withering aliliandika jambo hili waziwazi kitabuni mwake miaka 10 baadaye. Hakudai kwamba alioteshwa dawa hiyo usingizini wala kwamba aliivumbua maabarani. Alikiri ilitoka kwa mwanamke wa kijijini. Kosa lake ni kwamba hakulitaja jina la mwanamke huyo, na kosa hilo lilikuja kuzaa uongo ambao tutaurejelea.

Haikuwa kwamba aliipokea dawa hiyo na kuanza kuigawa siku iliyofuata. Mwanzoni aliiweka kando. Kisha daktari mwenzake mjini Birmingham, John Ash, akamsimulia habari za mkuu wa chuo cha Brasenose, Oxford, aliyekuwa amejaa maji kifuani na kuponywa na mzizi wa mmea huo huo baada ya tiba nyingine zote kugonga mwamba. Hapo Withering akashawishika.

Desemba 1775 alimpa dawa hiyo mwanamume wa umri wa miaka 50 hivi, ambaye zamani alikuwa mjenzi lakini sasa alikuwa ameishiwa. Pumzi ilikuwa ya kuhesabu, uso umesinyaa, tumbo limejaa maji. Alikojoa maji mengi, kifua kikafunguka na baada ya siku chache akaanza kula kwa hamu.

Wengi wangetosheka na ushahidi huo. Withering aliona kuwa kupona kwa mgonjwa mmoja hakuthibitishi chochote. Isitoshe, alihisi kwamba alikuwa amelishika jambo linaloweza kuua, na punde akagundua kwamba kwa muda mrefu alikuwa akitoa kipimo kikubwa kupita kiasi na kuendelea nacho siku nyingi mno.

Alikuwa na uwanja mpana wa kujifunzia. Kila siku alitenga saa moja ya kuwaona maskini bila malipo, na hao walifikia kati ya 2,000 na 3,000 kwa mwaka. Hapo ndipo alipoijaribu dawa, akapunguza, akabadilisha, akaandika. Leo tungemwuliza kama maskini hao waliombwa idhini. Katika karne ya 18 swali hilo halikuwapo akilini mwa daktari yeyote, wala yeye hakulificha jambo hilo.

Kwanza aliachana na mizizi, kwa sababu nguvu yake hubadilika sana kulingana na majira ya mwaka. Akachukua majani. Hata hayo aliona hayafanani: jani la mmea mchanga si sawa na jani la mmea uliokomaa. Akaamua yachumwe wakati mmea unapochanua, katika mwaka wake wa pili.

Kisha akaona kwamba kuyachemsha kunaiharibu nguvu yao bila mpangilio, basi akayakausha na kuyasaga kuwa unga unaoweza kupimwa kwenye mizani. Mtu mzima alipewa kiasi ambacho kwa vipimo vya leo ni kati ya miligramu 65 na 200 hivi, mara mbili kwa siku.

Msomaji aliyewahi kupewa chupa ya miti shamba sokoni isiyokuwa na karatasi ya maelezo, akaambiwa tu anywe kikombe kimoja asubuhi na kingine jioni, ataona hapa uzito wa kazi aliyoifanya mtu huyu. Jani alilipokea kwa bibi kizee. Mzani aliuleta yeye.

Na kanuni yake kuu ilihusu wakati wa kuacha. Dawa itolewe hadi itakapoonyesha ishara yake ya kwanza kwenye figo, tumboni, kwenye mapigo ya mshipa au kwenye haja kubwa, na ishara hiyo ikionekana tu, isimamishwe. Waliomtangulia walidhani kutapika ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, hivyo wakamwongezea mgonjwa. Yeye alitambua kwamba kutapika ni mlango wa sumu.

Aliorodhesha pia dalili za aliyezidishiwa: kichefuchefu, kizunguzungu, mapigo ya mshipa kushuka hadi 35 kwa dakika, jasho baridi, kuzirai na hatimaye kifo. Aliongeza dalili moja ya ajabu, kwamba mgonjwa huona vitu vikiwa na rangi ya manjano au kijani.

Lakini alipokuwa akijaza daftari zake kwa subira, kuna aliyekuwa akimtangulia kwa upande mwingine, naye alikuwa yule yule aliyemwita Birmingham.

Mnamo Julai 1776 Darwin alimwalika Withering wamwangalie pamoja mwanamke mmoja mgonjwa aliyekuwa amejaa maji na kukaribia kufa. Withering alipendekeza dijitalisi. Darwin, ambaye hakuwa ameizoea, alikubali na mgonjwa akapata nafuu ya kushangaza.

Miaka miwili baadaye Darwin alipatwa na msiba. Mwanawe Charles, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akisomea udaktari Edinburgh, alifariki baada ya jeraha alilopata alipokuwa akipasua maiti kuingia sumu. Mwaka 1780 baba aliichapisha tasnifu ya marehemu, na mwishoni akaambatisha maelezo ya wagonjwa waliotibiwa kwa dijitalisi. Mwanamke yule wa 1776 alikuwemo. Jina la Withering halikuwemo.

Mapema mwaka 1785 Darwin aliwasilisha makala nyingine kuhusu dawa hiyo kwa Chuo cha Madaktari mjini London. Kwa mara ya pili hakumtaja mwenzake.

Nimewasoma wanaomtetea Darwin kwamba alikuwa na majonzi na kwamba adabu ya kutaja chanzo haikuwa imekita mizizi zama hizo. Majonzi yanaeleweka mwaka 1780. Kufikia 1785 utetezi huo unapwaya, hasa ukilinganishwa na Withering aliyetaja hata mazungumzo aliyofanya na Ash.

Urafiki wao ulivunjika na haukuungwa tena. Baadaye Withering alikorofishana vilevile na Robert, mwana mwingine wa Darwin ambaye pia alikuwa daktari, wakaandikiana hadharani maneno makali kuhusu mgonjwa waliyemhudumia wote wawili. Tusimfanye Withering malaika katika hili. Alikuwa mwepesi wa kuudhika na mzito wa kusamehe, na kuna ushahidi wa kutosha kwamba wenzake kadhaa wa Chama cha Mwezi walimheshimu kuliko walivyompenda.

Hata hivyo, jambo lililomsukuma kuchapisha halikuwa ushindani peke yake. Kufikia 1783 dijitalisi ilikuwa imeingia katika orodha rasmi ya dawa ya Edinburgh. Madaktari waliosikia sifa zake walianza kuitoa kwa vipimo vya kumuua punda. Withering alihofia mambo mawili: kwamba watu wangekufa bure, na kwamba baada ya vifo hivyo dawa yenyewe ingelaaniwa na kutupwa.

Kwa hiyo mwaka 1785 alitoa kitabu chake kuhusu mmea huo na matumizi yake katika tiba. Mbele aliweka picha ya rangi ya mmea, ili mtu asije akachuma jani jingine. Kisha akawapanga wagonjwa wake wa miaka 10, zaidi ya 150, mmoja baada ya mwingine.

Sifa ya kitabu hicho imo katika aina ya wagonjwa aliowaweka. Mwandishi alikiri kwamba angeweza kuchagua waliopona peke yao, akajipatia sifa tele na dawa yake pia. Badala yake aliwaweka wote, akina fulani waliopona, waliopata nafuu ya muda, waliotapika bila faida na waliokufa. Pale alipozidisha kipimo, aliandika kwamba alizidisha. Mimi ambaye kazi yangu ya kila siku kwa zaidi ya miaka 20 imekuwa kuyafuta makosa ya wengine kabla hayajachapishwa, namstaajabia mtu aliyeyachapisha ya kwake kwa hiari.

Alikosea kwa jambo moja kubwa. Alidhani dijitalisi ni dawa ya kukojoza inayoifanyia kazi figo. Hakujua kwamba maji yaliyowajaa wengi wa wagonjwa wale yalitokana na moyo dhaifu usioweza kuisukuma damu sawasawa. Hata hivyo aliona, na akaandika, kwamba mmea huo una nguvu juu ya mwendo wa moyo ambayo haijawahi kuonekana kwa dawa nyingine yoyote. Alikuwa ameugusa mlango bila kuufungua.

Mwaka huo wa 1785 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme, baraza kuu la wanasayansi wa Uingereza. Alikuwa ameshajijengea jina pia katika uchunguzi wa mawe. Madini aliyoyaeleza mwaka 1784 kutoka mgodi wa risasi wa Lancashire yaliitwa witheriti kwa heshima yake. Mfaransa mmoja mtaalamu wa mimea, L'Héritier, aliipa jamii moja ya mimea jina lake. Jina lenyewe, kwa Kiingereza, lina maana ya kunyauka, na marafiki hawakuacha kumtania kwa hilo.

Utani huo ulikuwa na ukweli mchungu. Kifua kikuu kilikuwa kikimla taratibu. Kuanzia 1792 alisafiri Ureno kwa majira mawili ya baridi ili kuikimbia hewa ya Uingereza. Kama kawaida yake hakukaa bure. Aliyachunguza maji ya chemchemi ya moto ya Caldas da Rainha, na wasomi wa Lisbon wakayachapisha matokeo yake.

Kabla ya safari hizo alikuwa ameponea chupuchupu. Mnamo Julai 1791 umati wenye hasira ulizichoma nyumba za watu wa Birmingham walioaminika kuyaunga mkono mapinduzi ya Ufaransa. Nyumba na maabara ya Priestley viliteketea. Wahuni hao walifika hadi Edgbaston Hall, jumba alilokuwa amelikodi Withering, lakini aliajiri wanaume wenye misuli kulilinda hadi wanajeshi walipowasili.

Miaka minane baadaye, Septemba 1799, akiwa hawezi tena kutembea bila taabu, alihamia katika nyumba iliyojengwa upya pale pale ilipokuwa imesimama ile ya Priestley. Hakuishi humo hata wiki mbili. Alifariki tarehe 6 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 58, na kuzikwa katika kanisa kuukuu la Edgbaston. Jiwe la ukumbusho wake lilichongwa ua la dijitalisi.

Alichokihofia kilitokea. Madaktari wa kizazi kilichofuata waliitumia dawa hiyo kutibu kila maradhi, hata kifua kikuu na wazimu, kwa vipimo walivyojikadiria. Kanuni yake ya kusimama mapema ilisahauliwa na wengi, na dawa ikaingia sifa mbaya.

Ilichukua zaidi ya karne moja kurekebisha. Mwaka 1875 Mjerumani Oswald Schmiedeberg alipata dijitoksini safi kutoka kwa mmea. Mapema karne ya 20 daktari wa Scotland, James Mackenzie, alionyesha kwamba dawa hiyo humfaa hasa mgonjwa ambaye moyo wake unapiga ovyo na mbio. Mnamo 1930 mwanakemia Sydney Smith, wa kampuni ya Burroughs Wellcome, alipata digoksini kutoka aina nyingine ya mmea huo yenye maua meupe-meupe. Hiyo ndiyo inayotumika zaidi hadi leo.

Sasa inajulikana jinsi inavyofanya kazi. Kila chembe ya misuli ya moyo ina pampu ndogo inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Digoksini huizuia pampu hiyo kwa kiasi, madini ya kalsiamu yakaongezeka ndani ya chembe, na msuli ukajikaza kwa nguvu zaidi. Wakati huo huo mwendo wa moyo hupungua. Ikizuiwa kupita kiasi, moyo hupoteza mpangilio na kusimama.

Wawindaji wa Afrika Mashariki waliijua nguvu hiyo kwa njia nyingine. Sumu ya mishale ambayo Wakamba, Wagiriama na Waata walipika kutokana na mti wa msunguti huishambulia pampu ile ile, na ndiyo iliyokuwa ikiwaangusha ndovu. Kiini chake, ambacho Mfaransa Arnaud alikitenga mwaka 1888, kinaitwa wabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu hiyo.

John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alipatwa na jambo kama hilo alipokuwa na Livingstone mtoni Zambezi baina ya 1858 na 1863. Mswaki wake uliguswa kwa bahati mbaya na sumu ya mishale ya huko, naye akahisi mapigo ya mshipa wake yakipungua. Sumu hiyo ilichunguzwa na Thomas Fraser katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, kile kile alikosomea Withering, na ikawa dawa ya moyo.

Turudi kwa bibi kizee wa Shropshire. Katika vitabu vingi, vingine vya kuheshimika, utamkuta akiitwa Mama Hutton, na maelezo kwamba Withering alimwendea nyumbani akamlipa kwa siri yake. Kuna hata picha yake akiwa amesimama mbele ya daktari. Watafiti waliofuatilia habari hiyo walibaini kwamba jina hilo halimo popote katika maandishi ya Withering. Lilianzia katika tangazo la kampuni ya dawa ya Parke-Davis ya Marekani mwaka 1928, na wachoraji na waandishi wakaliendeleza. Jina lake la kweli halijulikani.

Digoksini ingali imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za kimsingi, ingawa nafasi yake imepungua kwa kuwa kuna dawa mpya zinazorefusha maisha ya mgonjwa wa moyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1997, uliohusisha wagonjwa 6,800, ulionyesha kuwa haikupunguza vifo, ila ilipunguza idadi ya waliolazimika kulazwa hospitalini.

Kidonge cha kawaida kina robo ya miligramu moja, kiasi kidogo mno. Kwa kuwa pengo kati ya kuponya na kudhuru ni jembamba, daktari anaweza kuagiza damu ya mgonjwa ipimwe. Na mgonjwa anayepewa kidonge hicho huonywa arejee hospitalini mara moja akianza kusikia kichefuchefu, mshipa wake ukipiga polepole mno, au akiona ukuta mweupe umegeuka manjano.